Kilindi ni cha Mpwa

Kingi, tarehe 9 Mei 2022

Mjomba wangu mpendwa, Papa Athanase,

Kwanza nauliza mguu wako. Mara ya mwisho niliambiwa unavimba jioni, nami tangu hapo sijatulia. Mama wa nyumbani anaendeleaje? Na Mamy, binti yenu? Mimi ni mzima. Huku ukungu haututoki kabla ya saa nne za asubuhi, nakohoa kidogo, lakini si kitu cha kukutia wasiwasi.

Barua hii inaletwa na Patient, yule mwendesha pikipiki anayekuja soko la Ntoto, kwa sababu rezo ya simu kwenu haijashika tangu Pasaka. Nimemwomba aifunge ndani ya plastiki. Amebeba pia majembe, buti na miche ya mianzi ambayo shirika letu linaipa Kamati ya Mto ya kwenu. Tafadhali Mama Joséphine-Marie avipokee mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye kiongozi wa kamati.

Uliniuliza kazi yangu ni nini hasa. Mimi ni mwandishi wa biro, yaani ofisini. Shirika letu ni dogo. Tunatafuta watu wanaolinda mito na chemchemi kwa mikono yao wenyewe, tunawatafutia vifaa, na tunawakutanisha na wenzao wa vijiji vingine. Mkubwa wetu, Mama Hélène, anasifu mwandiko wangu. Kila anaposifu nakukumbuka wewe, kwa maana miaka ile baba aliponileta kwenu, nilijifunza kuandika juu ya meza yako, kwa katekisimu yako, nikila chakula cha watoto wako. Sijawahi kukushukuru vizuri. Nakushukuru sasa.

Mama Hélène ana swali. Nilimweleza kuhusu Kilindi, pale mto unapotulia chini ya mawe na samaki wanapozalia, na kwamba tangu enzi za babu hakuna anayevua hapo. Akauliza: je, katazo hilo bado linashika? Nikamwambia nitakuuliza wewe.

Tafadhali usisome barua hii mbele ya watu.

Mpwa wako,
Straton


Ntoto, tarehe 24 Mei 2022

Straton, mtoto wa dada yangu,

Amani iwe kwako huko kwenye ukungu. Mguu umepungua. Mke wangu, mama yako mdogo, anakusalimu, Mamy anakusalimu, hata kuku wanakusalimu, ingawa wao kwa hofu, maana wanajua wewe ni mpwa wa nyumba hii.

Barua nimeisoma mbele ya watu. Usikasirike. Patient alifika siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kufyeka, kijiji kizima kikiwa barabarani na mapanga, na mtu anayeshuka na majembe mapya hawezi kuachwa apite hivihivi. Nilipofika kwenye kikohozi chako, Mama Joséphine-Marie alisema, "Huyo mutoto iko anakohoa tangu azaliwe, na bado anaishi tu." Watu walicheka sana. Halafu wanawake walibeba miche wakaipanda ukingoni siku hiyohiyo, wakiwa ndani ya buti zenu. Mwambie Mama Hélène kwamba buti hizo ndizo kitu cha kwanza tulichopewa ambacho hakikuja pamoja na mtu wa kutuhutubia. Tunashukuru sana.

Sasa Kilindi. Katazo linashika, lakini kwa vidole viwili.

Amekuja mtu kutoka mjini anayeitwa Prince. Ana draga, mashine inayoelea juu ya maji na kunyonya mchanga wa chini ili waoshe dhahabu. Alianza kule juu ya mto. Mahali alipopita, maji yamekuwa kama chai ya maziwa, na wanawake wa kule wanakwenda mbali kuteka. Sasa anataka Kilindi, kwa sababu mchanga wake ni mzito na haujaguswa. Ameahidi manjanja, yaani mabati, ya kuezekea kanisa letu. Mjomba wako mdogo, Nestor, amekubali. Anasema, "Samaki hawataezeka kanisa." Ukingo ule ni wa nyumba yetu, na mimi na Nestor tuna haki sawa. Siwezi kumzuia peke yangu. Tumekutana, tumegombana, sasa hatusalimiani tukikutana njiani.

Wanawake wanasema draga ikiingia Kilindi, samaki wa mto wote wamekwisha, maana wadogo wanatoka hapo. Na sisi sote tunateka maji ya kunywa chini yake kidogo tu.

Juzi katika mkutano Mama Joséphine-Marie alisimama. "Nyie wanaume munajichosha bure. Hamuna mupwa?"

Unajua desturi ya nyumba yetu. Kitu ambacho mpwa amekiwekea mkono kwa wajomba zake na kusema "hiki changu", hakuna mjomba wa kumkatalia, wala wa kukitoa kwa mtu mwingine. Siku zote ni kuku, ni mkungu wa ndizi. Hakuna aliyewahi kusema hivyo juu ya maji. Lakini wazee wamefikiri, na hakuna aliyewahi kusikia kwamba maji hayamo. Dada yetu alikuwa mmoja, naye alikufa akiacha mtoto mmoja, wewe.

Prince analeta mashine mwanzoni mwa mwezi wa saba, maji yakipungua.

Nimekueleza, na sitakuomba. Mpwa akitumwa na mjomba, hajachukua kitu, ametumwa tu kama mtoto dukani. Kwa hiyo baada ya barua hii sitagusa jambo hili tena.

Mjomba wako,
Athanase


Kingi, tarehe 6 Juni 2022

Mjomba mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa umekaa mezani na mguu umenyooshwa. Kikohozi kimeisha. Nakwambia hivyo ili Mama Joséphine-Marie apate habari.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila mara nafika mwisho nikiwa na matumaini kwamba safari hii itasema kitu kingine.

Nilikwenda kwa Mama Hélène nikamwomba shirika liandike kwa wakubwa wa serikali, lidai Kilindi kilindwe, ili mimi nisihitajike. Alinisikiliza vizuri. Akasema barua itaandikwa, nami nitaiandika leo. Nimeiandika. Kisha akasema, "Lakini Straton, mimi nikisimama pale na kusema maji haya tunayakataza, huyo Prince ataniuliza mimi ni nani, na atakuwa na haki. Sisi tunabeba majembe. Muto iko na wenyewe." Nikamwambia mimi ni mtu wa karatasi. Akajibu kwamba hajauliza mimi ni mtu wa nini.

Mjomba, mimi naogopa. Nakuandikia wewe kwa sababu hutanicheka peke yako, hata kama utanicheka mbele ya kijiji. Naogopa vizuizi vya barabarani. Naogopa vijana wa Prince. Sijui kuogelea. Na kuna jambo jingine linaloniamsha usingizini: mtu mmoja atasema kwamba baba yangu ni wa huku milimani, jina langu ni la huku, na ninatafuta nini ndani ya maji yenu. Sitajua la kumjibu, maana mimi mwenyewe sina hakika kama anakosea. Huku Kingi wananiita mtoto wa msituni. Kwenu nitaitwa mtu wa milimani. Biro ndiyo mahali pekee ambapo naitwa Straton tu.

Nakushukuru kwa kutonilazimisha. Ungenilazimisha, ningekuwa nimeshakataa. Sasa sisemi nakuja, na sisemi siji.

Nimetuma sabuni na chumvi kwa Mama mdogo.

Mpwa wako,
Straton


Kingi, tarehe 11 Julai 2022

Mjomba mpendwa, Papa Athanase,

Mmelalaje huko? Nawasalimu nyote, na naomba radhi kwa kuondoka bila kuaga. Patient alikuwa anawasha pikipiki, na niliona kwamba nikikaa hata kidogo hofu itanirudia mbele ya watu. Nilitaka inirudie njiani.

Nataka niandike nilivyoona mimi, kwa sababu sina hakika kama yote yalitokea.

Sikukupa habari kwamba ninakuja kwa kuwa mimi mwenyewe sikujua, hadi nilipojikuta nimekaa nyuma ya Patient na mkoba wangu wa biro mapajani. Kwenye kizuizi nilichokiogopa kuliko vyote, askari aliniuliza kama ninasikia baridi. Ni hilo tu.

Nilipofika ukingoni mlikuwa wote mmesimama. Vijana walikuwa wanaishusha mashine kwa kamba. Niliwaza kwamba Prince atakuwa mtu wa kutisha, lakini alikuja kunipa mkono, akauliza kama mimi ni mwalimu, akaagiza niletewe soda. Hilo lilinivuruga zaidi. Ni vigumu kumpinga mtu ukiwa umeshika soda yake. Niliiweka chini ya mti bila kuionja, nikaingia majini.

Nilisahau kuvua viatu. Nilisikia watu wakicheka, na Mamy akiita, "Kaka Straton, viatu!" Nilikuwa nimeshafika magotini. Halafu nikakwama, kwa sababu mpwa anapaswa kuweka mkono juu ya kitu, na maji hayakai chini ya mkono. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu njia nzima, lakini hilo sikuwa nimelifikiri. Mwishowe nililala kidogo mbele nikashika lile jiwe kubwa la katikati, nikasema, "Hiki changu."

Mama Joséphine-Marie akasema kutoka ukingoni, "Sema kwa nguvu, baba, samaki hawasikie."

Nikasema tena. Safari hii nilijisikia mwenyewe. Nilisema: Kilindi hiki, na samaki wake, na mchanga wake wa chini, nimevichukua kwa wajomba zangu, ni vyangu.

Ndipo kijana mmoja wa Prince akalitoa lile neno nililokuwa nalingoja tangu mwezi wa tano. "Huyu si muntu wa huku. Ni wa milimani."

Nilikutazama wewe. Lakini aliyejibu hakuwa wewe, alikuwa mjomba Nestor, ambaye asubuhi nzima alikuwa amesimama upande wa mashine. Alikuja mpaka mbele ya kijana yule, karibu sana. "Ni mutoto wa dada yangu. Wewe njo nani, wa kuniambia mutoto wa dada yangu si wa huku?"

Kijana akarudi nyuma. Halafu niliona uso wa mjomba Nestor unabadilika, polepole, alipoelewa kitu alichokisema. Kama mimi ni mpwa, basi nimechukua. Alikaa juu ya gogo akavua kofia. "Haya basi," akasema. "Manjanja yamekwenda."

Mwambie sitasahau. Mwambie kwamba nimeishi miaka mingi nikingoja mtu mmoja aseme hivyo, na sikutegemea kabisa kwamba atakuwa mtu niliyekuja kumshinda.

Tafadhali niandikie yaliyofuata. Prince amekasirika? Mko salama?

Mpwa wako,
Straton


Ntoto, tarehe 29 Julai 2022

Mpwa wetu,

Salamu za nyumba nzima. Tuko salama, tunakula, tunalala. Viatu vyako vilivyokutoka majini tuliviokota vikielea, Mama mdogo amevikausha juu ya moshi, sasa vinanuka kama nyama. Patient anakuletea.

Prince hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alicheka, akakaa na sisi, akanywa ile soda yako. Akasema, "Wazee, nimewaelewa. Mimi siwezi kwenda kwa serikali kusema kwamba mupwa amechukua muto, watanicheka." Lakini alipokuwa anasimama aliongeza: "Kitu cha mupwa, mupwa mwenyewe anaweza kukitoa. Na watoto wa biro wako na shida kama watu wengine. Nitangoja." Mashine ameiacha ukingoni, chini kidogo, imefunikwa hema, na kijana mmoja wa kuilinda. Kijana huyo anakula kwetu. Tutafanya nini, ni mtoto wa watu.

Nestor na mimi tunasalimiana. Nilimpa ujumbe wako. Alisema tu kwamba una mwili mdogo kama mama yako, na kwamba ulipolala juu ya jiwe lile alimwona yeye. Sasa yuko kwenye ulinzi wa Kilindi pamoja na wanawake, na kelele zake ni nyingi kuliko zao. Juu ya kanisa anasema tutakata miti tuezeke kwa majani tena, Mungu alishazoea.

Watu wa kijiji cha juu, kule maji yalikoharibika, wamekuja kukaa na kamati na kuuliza wanaanzaje. Mama Joséphine-Marie amewapa miche iliyobaki na jembe moja. Waliuliza pia habari ya mpwa. Wao wanao wengi, wanagombana ni nani achukue. Muulize Mama Hélène kama anaweza kuwasaidia na wale.

Straton, nakushukuru. Ulikuja ukiwa unaogopa, na kila mtu aliona unaogopa. Ndiyo maana waliamini.

Mjomba wako,
Athanase


Ntoto, tarehe 18 Septemba 2022

Mpwa wangu,

Natumaini afya ni njema, na kazi inakwenda. Majembe ya kijiji cha juu yamefika. Walituimbia.

Leo nakuja kwako kama mtu mwenye shida. Mamy anaolewa tarehe 15 Oktoba. Wakwe wanatoka Walikale mjini, na ni wengi. Unajua kwetu: mkwe anayefika mtoni akala sombe tupu, majani ya muhogo bila samaki, atairudia habari hiyo hadi azikwe. Vijito vyetu mwaka huu havina kitu, uchafu wa kule juu umetufikia. Wanawake walijenga kizuizi wakakausha maji kwa makapu kama kila mwaka, wakapata samaki wa kujaza sahani moja tu.

Na Kilindi, ambako tope linatulia chini na maji kubaki safi, kimejaa. Ukisimama juu ya jiwe unaona migongo yao.

Naomba asubuhi moja tu, na kapu moja tu. Nestor amekubali. Wazee wamekubali. Mama Joséphine-Marie hakusema kitu. Mamy hajui kwamba nimekuandikia. Maji ni yako sasa, kwa hiyo nauliza mwenyewe, kama inavyotakiwa.

Mjomba wako,
Athanase


Kingi, tarehe 2 Oktoba 2022

Mjomba wangu, baba yangu,

Nakusalimu kwa heshima yote niliyonayo. Namsalimu Mamy, nimefurahi mpaka nikashindwa kufanya kazi asubuhi nzima.

Nimeanza barua hii na kuichana, nimeanza tena. Kuingia majini kulikuwa rahisi kuliko hii. Kule nilimwogopa Prince tu.

Ulinilisha. Ulinifundisha herufi. Uliniwekea blanketi lako mwenyewe nilipougua malaria, na wewe ukalala karibu na moto. Hakuna kitu changu ambacho si chako. Kwa sababu hiyo neno hili linanilemea kuliandika, na naomba ulisome mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

Hapana, mjomba.

Kijana wa Prince amekaa pale karibu na hema lake. Siku atakapoona kapu likitoka Kilindi, atajua kwamba neno langu linaweza kusogezwa. Leo limesogezwa kwa upendo. Kesho bwana wake atatafuta ni kitu gani kingine kinachoweza kulisogeza, naye ana vitu vingi, na mimi si mtu jasiri. Nikikupa wewe ninayekupenda, sitabaki na neno la kumnyima yeye. Ninaweza kulinda maji haya kwa njia moja tu, nisiyatoe hata kidogo, kwa mtu yeyote.

Patient analeta maharagi, gunia la viazi, na furomaji, yaani jibini, kutoka kwa shangazi yangu wa Kirolirwe. Najua si samaki.

Barabara ikiwa wazi nitakuja harusini. Kama hutaki kuniona mezani, nitakaa na wapishi.

Nisamehe.

Mpwa wako,
Straton


Ntoto, tarehe 23 Oktoba 2022

Straton,

Tulisikia barabara ilifungwa wiki ile, kwa hiyo tulijua kwa nini hukufika. Mamy alikuwekea kiti mpaka jioni. Ni mzima, amekwenda kwa mume wake, alilia kidogo kama inavyofaa.

Barua yako sikuisoma mbele ya watu. Niliisoma peke yangu nikaificha, na kwa muda sikutaja jina lako nyumbani. Nilisema moyoni, nimemlea mtoto, amenifungia mlango wa maji ya baba yangu mwenyewe. Mama mdogo aliniuliza, "Mpwa amesema nini?" Nikamwambia bado hajajibu. Nilimdanganya mke wangu kwa ajili ya samaki.

Wakwe walifika. Tukaweka bugali, sombe, maharagi yako, viazi vyako. Furomaji tuliikata vipande vidogo. Nestor alisema ni sabuni, lakini aliomba tena. Mzee wa upande wao akatazama meza, akauliza kwa adabu, "Na muto wenu, uko na samaki kweli?"

Nilitaka kusema mto umekauka. Badala yake nikasema, "Uko nao. Mupwa wetu amekataa."

"Amewakatalia vijana?"

"Amenikatalia mimi."

"Wewe? Mujomba wake? Kwa harusi ya mutoto wako?"

"Mimi."

Nilidhani aibu imeshaingia nyumbani. Halafu akachukua fimbo yake akasema anataka kuyaona maji hayo. Basi wakashuka wote, Straton, wakwe na viatu vyao vya harusi, akina mama na vitenge vipya, Mamy mwenyewe akiinua gauni lake lisichafuke. Wakasimama ukingoni. Samaki walikuwa wengi, wakigeuka geuka kwenye mwanga. Watoto wao walikuwa hawajawahi kuona maji ambayo unaweza kuona chini yake. Mzee yule akamwambia mwanawe, yaani mume wa Mamy, "Umeoa kwa watu." Kijana wa Prince alikuwa palepale, na sahani ya furomaji mkononi, akisikia kila kitu.

Wiki iliyofuata walikuja wakaifungua mashine vipande vipande, wakaibeba mpaka barabarani. Hawakusema wanaipeleka wapi. Mwambie Mama Hélène aharakishe kwa wale wa vijiji vingine, maana mashine haitakaa bila maji.

Baada ya hapo nilitoa barua yako mahali nilipoificha, nikaisoma mbele ya watu. Mama Joséphine-Marie alisema alijua utakataa, ndiyo maana alinyamaza siku ile. Sijui kama ni kweli. Nestor alitaka nirudie pale uliposema hapana.

Nimekushukuru kwa mambo mengi, mpwa wangu, kwa majembe, kwa buti, kwa kuja. Hayo yote mtu anaweza kuyafanya kwa kumpenda mjomba wake. Hili la mwisho lilikuwa gumu zaidi, na nimechelewa kulijibu.

Asante kwa kuninyima.

Mjomba wako,
Athanase